Macho ya Upande wa Pili

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wapo waliojaribu, wakaishia kulikumbatia na kuburuta pindo lake sakafuni, na kufua kukaanza upya. Likitoka kwenye mashine ya kukaushia, likiwa bado la moto, linataka watu wawili wanaotazamana. Kila mmoja anashika pembe zake mbili, wanavuta mpaka likazike, kisha wanatembea kuelekeana mpaka mikono ya huyu inagusa mikono ya yule. Mmoja anaachia, mwingine anapokea. Kutwa nzima ni hivyo. Kuna mume na mke wanaomaliza mwaka hawajagusana mikono kiasi hicho.

Mkuu wa meza ya kukunja katika chumba kile cha kufulia alikuwa mwanamke waliyemwita Mama Nyoosha. Jina la kwenye vyeti walilijua watu wa ofisini tu. Hili la pili lilitokana na neno lake: "Nyoosha," alimwambia kila aliyesimama upande wa pili wa shuka, na waliopita mikononi mwake walilisikia hata usingizini. Wauguzi vijana, mafundi wa mashine, wasukuma toroli, wote walipoingia walimwamkia kwa sauti ya chini ya watu wenye haraka, shikamoo mama, naye akawaitikia marahaba moja nene iliyopita juu ya ngurumo za mashine. Upande wa pili alisimama wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwenye macho makali kama ya mwewe. Walikunja pamoja mpaka wakawa hawahitaji kusemeshana. Kisha wifi akastaafu, akarudi kwao, na nafasi ikabaki wazi.

Mama Nyoosha alitaka nafasi ile apewe binti wa kaka yake, msichana mwenye adabu aliyekuwa akija kusaidia siku mojamoja. Hilo alilisema wazi kwa kila mtu. Jambo jingine hakulisema kwa yeyote, hata kwa wifi: macho yake yalikuwa yanamtupa mkono. Lilianza kama moshi mwembamba, kama ule wa jikoni unaokataa kutoka dirishani. Kisha taa zikaota pete, na nyuso za watu zikafutika katikati. Aliwatambua kwa mwendo na sauti. Mashuka aliyakunja kwa vidole, na vidole vyake havikuwahi kumwaibisha.

Lakini doa halina sauti wala mwendo. Na kazi ya meza ile, ukiacha kunyoosha, ni kuona madoa. Pale ndipo shuka linapotazamwa kwa mara ya mwisho kabla halijalazwa chini ya mgonjwa. Mkuu wa meza asiyeona madoa ana kazi gani? Mama Nyoosha alijiuliza hivyo kila asubuhi akipanda ngazi huku kiganja kikiteleza ukutani, na jibu alilijua, ndiyo maana alinyamaza. Wangemrudisha nyumbani, akae sebuleni, watu waje kumsemesha polepole kama mgonjwa. Alikuwa radhi kwa lolote lakini si hilo.

Msimamizi wa kufulia, kijana mwenye haraka na kalamu sikioni, hakumpa binti wa kaka yake. Alimletea Mgeni.

Ndivyo walivyomwita, Mgeni, kwa sababu jina lake lilikuwa refu na hakuna aliyejisumbua. Alikuwa mmoja wa wale waliovuka mpaka baada ya mambo kuharibika kwao, na mji ulikuwa unawazungumzia kutwa: wanajaza vyumba, wanachukua kazi, wanaongea lugha yao kwa kelele kwenye foleni. Mama Nyoosha hakuwa mtu wa kupigia mtu kelele. Chuki yake ilikuwa ya kimya, ile ya kuvuta mkoba karibu na kwapa wanapopita. Msimamizi alimwambia kwamba mgeni huyo angejaribiwa mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba yeye, Mama Nyoosha, ndiye angesema kama anafaa au hafai. Mama Nyoosha akaona mambo si mabaya. Mwezi si mwaka.

Asubuhi ya kwanza Mgeni alitumwa kusukuma toroli tu, akashinda huko pembeni akitazama na kusikiliza. Asubuhi ya pili akaja moja kwa moja mezani, akasimama mbele ya Mama Nyoosha, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa.

"Marahaba," alisema.

Hebu fikiria. Mtu ambaye ungeweza kumzaa, hajaamkiwa na yeyote, anasimama mbele yako na kujipokelea heshima ambayo hukumpa. Mama Nyoosha alihisi joto likimpanda shingoni. Alidhani amesikia vibaya, lakini kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa, mkono kifuani na marahaba yake safi kabisa. Wasukuma toroli walikufa kwa kicheko nyuma ya mashine. Mama Nyoosha hakuitikia. Alishika pembe zake, akavuta shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akasema nyoosha.

Kunyoosha, Mgeni alinyoosha. Hapo hakuwa na kasoro, na jambo hilo lilimuudhi Mama Nyoosha kuliko ambavyo kasoro ingemuudhi. Kilichomchosha kilikuwa tabia moja. Mara wamekazana, shuka liko katikati yao limejaa hewa ya moto, ghafla Mgeni analivuta. Analipokonya kabisa kutoka vidoleni mwake, bila neno, anafanya kitu pindoni, kisha analitupa kwenye kapu kubwa nyuma yake na kuchukua jingine. Siku nyingine mara chache, siku nyingine karibu kila toroli. Wakati wa chai analisukuma kapu lake mwenyewe kwa wafuaji na kurudi amekunjua uso kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtu mwingine angeuliza, we mwanamke, kuna nini? Mama Nyoosha alishindwa. Ukiuliza kuna nini kwenye shuka uliloshika kwa mikono yako miwili, umeshakiri kwamba hukuona. Basi akajipa jibu mwenyewe, na mtu akijipa jibu huchagua linalomfaa: huyu ananidharau. Anakataa mkunjo wangu. Amekuja jana na leo ananipokonya kazi mkononi kama mtoto. Alimpelekea Msimamizi malalamiko, akayarudia, akaongezea na chumvi. Msimamizi akasema sawa mama, mwezi unaisha, nitafuata neno lako.

Kabla mwezi haujaisha, Mgeni aliitwa ofisi ya uhamiaji kwa mambo ya kibali chake. Binti wa kaka yake Mama Nyoosha akashika nafasi kwa siku hiyo. Ilikuwa siku tamu. Shikamoo shangazi asubuhi, nyoosha kutwa, hakuna aliyepokonywa kitu, na mashuka yakapanda kwenye toroli moja baada ya jingine mpaka wasukumaji wakaomba wapumzike. Mama Nyoosha alirudi nyumbani akiimba.

Siku mbili baadaye, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji aliingia kufulia akiwa amebeba mfuko wa plastiki kwa ncha za vidole. Ndani yake kulikuwa na shuka. Walikuwa wamelifungua kwenye meza ya upasuaji, mgonjwa yuko tayari kwa kisu, wakakuta katikati yake doa jeusi la damu ya mtu mwingine. Alisema maneno yake kwa upole, na upole huo ulitisha kuliko matusi. Mgonjwa yule kidonda chake kingekuwa wazi juu ya doa lile.

Alipotoka, chumba kizima kilimgeukia Mgeni. Hakuna aliyeulizwa na hakuna aliyefikiri, shingo ziligeuka zenyewe. Msimamizi akasema, mama, si ndiye huyu uliyekuwa unaniambia habari zake? Mama Nyoosha alifungua mdomo, akaufunga. Hakusema uongo. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa jibu. Msimamizi akamwonyesha Mgeni saa ya ukutani na mlango wa ofisi: baada ya chai, aje. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mashuka yake.

Binti wa kaka yake, aliyekuwa amekuja kusaidia siku hiyo pia, akamsogelea Mama Nyoosha sikioni.

"Shangazi, afadhali limwangukie yeye. Ile toroli ilikuwa yetu, ya siku ile. Mimi nilikuwa nafuata mikono yako tu. Nilijua madoa unayaangalia wewe."

Mama Nyoosha alimwambia aende akanywe chai. Yeye akabaki ameshika ukingo wa meza. Siku moja tu, siku moja ambayo Mgeni hakuwapo, na doa limefika mpaka chumba cha upasuaji. Na siku nyingine zote? Tangu Mgeni aje hakuna shuka lililowahi kurudishwa, hata moja, na yeye alijisifia vidole vyake kwa hilo. Akageuza uso kule lilikokuwa kapu, kiwingu cha kijivu nyuma ya nafasi ya Mgeni.

Chumba kilikuwa kimebaki kitupu, watu wote wako kwenye chai, mashine zinapoa zikitoa milio midogomidogo. Alilifikia kapu kwa kupapasa. Akavuta shuka la juu, akalipitisha vidoleni, na kwenye pindo vidole vikakutana na fundo dogo, limekazwa vizuri, kama mtu anavyofunga alama ili mfuaji asihangaike kutafuta. Akalipeleka dirishani kwenye jua kali, akasogeza sehemu yenye fundo mpaka pua ikagusa kitambaa. Mwanzo ilikuwa moshi uleule. Kisha ndani ya moshi likajitokeza, polepole, la kahawia, upana wa kiganja.

Akavuta la pili. Fundo, na kando yake mstari wa dawa ya njano. La tatu, vitone. La nne lilikuwa na doa kubwa kiasi kwamba alishangaa jinsi alivyolishika asubuhi ileile, akalikaza, akatembea nalo na kulipokea kwa mikono yake bila kuliona. Mengine hakuyafungua, alitafuta mafundo tu kwa vidole, moja baada ya jingine, mpaka mkono ukagusa chini ya kapu. Hilo lilikuwa kapu la asubuhi moja.

Akakaa chini pale pale, sakafuni, mkuu wa meza, na shuka chafu mapajani. Alikumbuka kila alipopokonywa, kila alipong'aka moyoni, na kila wodi yenye vitanda vilivyojipanga kule juu, na watu waliolala juu ya mashuka meupe wasijue. Kumbe alikuwa akitembea kwenye ukingo wa shimo, na kuna mtu aliyekuwa amemshika mkono, na yeye mwenyewe alikuwa akiuchukia mkono ule. Aliona ajabu jinsi mtu anavyoweza kusimama mbele yako kutwa, mnagusana mikono, ukawa hujamwona hata kidogo, na safari hii kosa si la macho.

Dereva wa gari la mashuka alimkuta pale. Huyu zamani aliendesha malori ya kuvuka mpaka, akajifunza lugha ya akina Mgeni kwa kuomba chai na kugombana na askari wa vizuizi, na ndiye mtu pekee pale kazini aliyeweza kuzungumza naye. Alianza utani wake, mama vipi, leo umeamua kufulia umekaa. Kisha akamwona vizuri, akaacha. Mama Nyoosha akamwambia amwite Mgeni.

Mgeni alikuja. Akaona mashuka yaliyofunguliwa, akainama kuyakusanya, kwa sababu hayo yalikuwa ya kurudi kufuliwa. Mama Nyoosha alitaka kuuliza jambo lenyewe lakini likamkwama, akaanza na lililokuwa jepesi kidogo.

"Muulize kwa nini kila asubuhi ananiambia marahaba."

Dereva akauliza, akasikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaeleza kwamba siku ya kwanza Mgeni alikaa kwenye toroli akisikiliza jinsi watu wa hapa wanavyosalimiana. Wanaoingia walikuwa wananong'ona, hakuwasikia. Lakini palikuwa na mama mmoja ambaye wote walimpitia kwanza, na neno lake lilisikika wazi, tena zuri. Akaona neno la mtu anayeheshimiwa kuliko wote ndilo lililo bora. Akalichukua hilo ili ampe yule mama mwenyewe.

Mama Nyoosha hakucheka. Alijifuta uso kwa upindo wa shuka, kisha akakumbuka ni shuka gani, akaliweka chini.

"Sasa muulize. Alijua kwamba sioni. Mbona hakumwambia mtu?"

Alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo, sioni, na yalitoka madogo tu, kama anayeomba chumvi. Dereva alimtazama kidogo kabla ya kugeuka kuuliza. Mgeni akajibu. Akaendelea kujibu, akionyesha meza, akionyesha vidole vya Mama Nyoosha, akionyesha macho yake mwenyewe, uso wake umejaa mshangao wa mtu anayeulizwa jambo lisilo na swali. Dereva, ambaye kunyamaza kulimshinda hata msibani, alinyamaza.

"Anasema nini?"

"Anasema amwambie nani? Alidhani wote wanajua. Aliona unavyopapasa pindo akaelewa. Anasema alidhani ndiyo kazi aliyoajiriwa: wewe unyooshe, yeye aone."

Mama Nyoosha alilipapasa tena lile fundo la pindoni.

"Na tena," Dereva akasema, sauti imeshuka, "anasema alipigia simu nyumbani. Akawaambia huku alikofika mtu akipungukiwa macho hawamfukuzi kazi, wanamtafutia mwenzake wa kumwonea. Mama yake alikataa kuamini kwamba kuna watu wa namna hiyo. Ilibidi aape."

Kuna habari zinazomwingia mtu kama maji baridi, taratibu, mpaka zimfike mifupani. Mji mzima ulikuwa unawahesabia hawa makosa, na huku mmoja wao alikuwa ameketi usiku kwenye chumba chake cha kupanga, simu sikioni, akiapa kwa ajili ya wema wetu. Wema ambao haukuwapo. Aliuona mahali ambapo palikuwa na mwanamke mwoga anayeficha macho yake na msimamizi asiyejua lolote, akauamini, akaja kuufanyia kazi kila siku. Mama Nyoosha alijaribu kutafuta neno la kitu hicho akalikosa. Alihisi udogo wake wote, na pia kitu kama furaha, ile inayotisha kidogo.

Akanyoosha mkono, Dereva akamwinua. Saa ya ukutani hakuiona lakini alisikia watu wakirudi kutoka kwenye chai. Akamwambia Dereva amfuate, na mlango wa ofisi hakuugonga.

Msimamizi alikuwa tayari ameweka karatasi mezani. Mama Nyoosha akasema lile shuka la upasuaji lilikunjwa siku ambayo Mgeni hakuwapo, alilikunja yeye na binti wa kaka yake, na binti hana kosa. Msimamizi akaanza kusema mama, najua una huruma.

"Si huruma," alisema. "Mimi sioni. Madoa sikuyaona hata leo asubuhi. Mashuka yote yaliyotoka safi hapa tangu aje huyu, yametoka kwa macho yake."

Msimamizi aliitoa kalamu sikioni, akaiweka chini. Akauliza tangu lini, akajibiwa: kabla wifi hajaondoka. Akasema, mama, yule mgonjwa angeweza kufa. Mama Nyoosha akasema anajua. Msimamizi akasema, ungeniambia. Akajibu, ungenirudisha nyumbani. Msimamizi alifungua mdomo kukanusha, lakini hakuwa mwongo. Zilisikika mashine zikianza kuzunguka tena, moja moja, upande wa pili wa ukuta.

Basi Mama Nyoosha akamweleza lililobaki: kwamba Mgeni hakuficha siri ya mtu, aliamini hapa ndivyo tulivyo, na aliwaapia ndugu zake hivyo. Alieleza bila kujitetea na bila kumwombea mtu chochote. Msimamizi akamtazama Dereva, kama anayeomba aambiwe ni utani. Dereva akasema ndivyo alivyosema, neno kwa neno.

Kijana wa watu alikaa muda mrefu ameshika kichwa. Alipokiinua, aliongea kama anayepanga zamu ya kawaida, lakini sauti haikuwa yake ya kila siku. Kesho asubuhi Mama Nyoosha ashuke kliniki ya macho, asingoje. Mezani abaki, kwa kuwa hakuna vidole vingine kama vyake. Ila ukuu wa meza hana tena: neno la mwisho kuanzia sasa ni la Mgeni, na shuka asilolipitisha Mgeni halitoki. Binti wa kaka atafutiwe pengine. Mama Nyoosha aliyasikia yote, na lile la ukuu likamchoma mahali pake, akaliacha lichome. Kaka yake asingemsemesha mwezi mzima, hilo pia alilijua.

Hapo Mgeni akachungulia mlangoni, kwa kuwa aliambiwa aje baada ya chai na chai ilikuwa imekwisha. Msimamizi akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mfanyakazi wa kufulia. Akaichana ile karatasi iliyokuwa mezani.

"Mwambie," alimwambia Dereva, akakohoa, akaanza tena. "Mwambie yale aliyowaambia kwao, hakukosea."

Dereva akamwambia. Mgeni akawatazama wote watatu, mmoja mmoja, akingoja habari iliyobaki. Alipoona hakuna, akauliza kitu kifupi, mkono wake uko bado kwenye kitasa.

"Anauliza kama ni hilo tu mlilomwitia," Dereva akasema. "Maana mashuka yanapoa."